Kionjo cha Pini ya Mikidadi

Fundi Bwanausi alikuwa na kauli moja ambayo watu wa Bagamoyo walishaichoka: chuma kizuri ni kigumu nje, laini ndani. Ungempelekea jembe atie mpini, angekuambia hayo. Ungempelekea bawaba ya mlango, angekuambia hayo. Hata ukipita kumjulia hali tu, kabla hujauliza habari za watoto, alikuwa keshakushika mkono anakuonyesha kipande cha chuma na kukueleza ngozi yake na moyo wake. Mjuzi alikuwa, hilo hakuna wa kumnyima. Lakini alikuwa pia na maringo ya mjuzi, na hayo ndiyo yaliyomponza.

Ufundi aliupata Dar es Salaam, katika karakana ya Mhindi mmoja aliyekuwa akitengeneza magari wakati wa vita, siku zile vyuma vya Ulaya havifiki. Alikaa huko miaka saba. Aliporudi kwao akafungua karakana yake nyuma ya soko, akiwa na jiliwa moja kubwa la kubania vyuma, kerezo la kukanyaga kwa mguu, na tanuri alilolijenga kwa matofali ya udongo. Mkewe alifariki mapema, akamwachia binti mmoja, Sihaba. Sihaba alipokua aliolewa na Mrisho, dereva wa lori, kijana mpole wa maneno machache, na Bwanausi alimpenda mkwe wake kuliko alivyothubutu kusema.

Hapo mwaka wa hamsini na nne malori yalikuwa machache na barabara ya Dar es Salaam ilikuwa mashimo na mchanga mtupu. Kitu kilichokufa kwanza katika magari hayo ni pini ya gurudumu la mbele, ile pini nene ambayo gurudumu huizunguka gari likikata kona. Inasuguliwa mchana kutwa na inapigwa na kila shimo. Ikiwa laini, inalika baada ya mwezi na gurudumu linacheza. Ikiwa ngumu mpaka ndani, inastahimili msuguano lakini siku moja shimo moja linaikata, na gurudumu linakwenda zake. Pini ya kuagiza Ulaya ilichukua miezi minne. Ya Bwanausi ilichukua siku tatu.

Alikuwa akinunua nondo za chuma cha pua chenye nikeli ndani yake, zinakuja na ncha zilizopakwa rangi ya kijani ili zijulikane. Akishakereza pini, aliilaza ndani ya sanduku la chuma, akaizungushia unga wa kwato na mifupa iliyochomwa, akaziba kifuniko kwa udongo, akalitia sanduku katika mkaa wa mikoko kutwa nzima. Chuma kilichokaa humo hunywa ule mkaa kwa ngozi yake tu. Kisha aliitoa pini ikiwa nyekundu akaizamisha katika pipa la mafuta ya nazi, na mtaa mzima ukanuka kama watu wanapika futari. Kazi hiyo mwenyewe aliiita kutia ganda. Pini ikitoka humo, tupa haiwezi kuikwaruza, na ndani yake imebaki vile vile, chuma kivumilivu kinachopinda kabla ya kukatika, kama muhogo wa kuchoma ambao nje umekauka na ndani ni laini.

Zilikuwepo pia nondo za ncha nyekundu. Hizo ni za patasi na keekee za maseremala wa milango, chuma kikali kwa asili yake, kikizimwa kinakuwa kigumu mpaka kiini. Ukichukua nondo nyekundu ukaitia ganda, umetengeneza kioo. Bwanausi aliyajua hayo kuliko anavyoijua njia ya kwake, na kwa sababu hiyo alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha kwa miaka kumi.

Desturi yenyewe ni kionjo. Kila alipokata nondo ya pini, alikata na kipande kingine kutoka nondo ile ile, urefu wa kidole. Mwenye gari alikuja na muhuri wake wa chuma, ule wa kupigia alama mali yake, akaupiga kwa nyundo katika kile kipande kabla hakijaingia motoni, maana baada ya kutiwa ganda hakuna muhuri unaoshika. Kipande kikaokwa pamoja na pini, sanduku moja, moto mmoja, mafuta mamoja. Siku ya kuchukua pini, mwenye gari na dereva wakasimama mbele ya jiliwa, Bwanausi akakibana kionjo na kukipiga nyundo. Kionjo chema hakikatiki kwa pigo moja. Kinapigwa mara tano, mara sita, kinajipinda kwanza, na kikikatika unaona ukingo wa kijivu unene wa ukucha, na ndani nyuzinyuzi zisizong'aa. Kibaya kinakatika pigo la kwanza na kinameta chote kama punje za sukari. Hapo hata asiyejua kusoma anajua. Vipande vilivyovunjwa Bwanausi alivitia katika bati la biskuti juu ya rafu, na bati lilikuwa la pili sasa, la kwanza limejaa.

Basi, Mfungo Sita wa mwaka ule, siku za Maulidi zikikaribia, Bwanausi aliipaka karakana yake chokaa. Alipaka mwenyewe, kuta zote nne, mbio mbio, bila kuondoa vitu vilivyoegemezwa ukutani. Pembeni kilikuwapo kipande kimoja cha nondo kilichobaki, kinatosha pini moja na kionjo chake. Chokaa ilikimwagikia. Siku mbili baadaye alipokishika na kukifuta, chokaa mbichi ilikuwa imekula rangi ya ncha yote, chuma kimebaki cheusi kitupu. Alikigeuza mkononi. Zile nyekundu, alijiambia, nilizimaliza kwa patasi za wale maseremala. Hii ni ya kijani. Akaamini hivyo kwa sababu alitaka kuamini, maana nje alikuwa amesimama Tajiri Mikidadi mwenye lori, anapangusa jasho.

Mikidadi alikuwa mfanyabiashara wa mbata na Mrisho alikuwa dereva wake. Lori lilikuwa na pini iliyolika, na Alhamisi asubuhi lilitakiwa kuwapeleka watu Kerege kwenye Maulidi. Alishachukua nauli zao. Akapiga muhuri wake katika kionjo, akamsisitiza fundi asimwaibishe, akaenda zake. Bwanausi alikereza pini ile na akaona chuma kinasumbua, patasi ya kerezo inalia na inachoka upesi. Akaitukana patasi. Akainoa, akaendelea.

Alhamisi asubuhi lori lilikuwa limesimama mbele ya karakana na watu wako juu yake tangu alfajiri, wanawake na kanga zao mpya, wapiga dufu, watoto. Bwanausi alifunga pini kwa mkono wake. Mrisho alikuwa amepiga magoti kando yake akimpa spana. Walipomaliza, Mrisho alisimama, akajipangusa magoti, akasema kwa sauti ya chini jinsi mtu anavyosema na mkwewe, "Baba, kionjo bado."

"Watu wamekaa juani, fundi," Mikidadi akadakia. "Kerege wanatusubiri wao na shekhe wao. Mambo ya kugonga vyuma tufanye tukirudi."

Bwanausi aliutazama umati ule uliokuwa ukimtazama. Kwa kweli alikuwa tayari kukivunja, kionjo alikuwa nacho mfukoni. Lakini Mrisho alirudia mara ya pili, na safari hii watu wa juu ya gari wakasikia: "Baba, tafadhali, tukivunje kwanza."

Maringo yakampanda. Aliona kijana anamfundisha kazi mbele ya mji mzima. "Mwanangu," akasema, "miaka kumi navunja vionjo hapa. Umeshaona changu kimoja kimekatika pigo la kwanza?"

"Sijaona, baba."

"Basi panda gari, uwapeleke watu."

Mrisho akasema, "Haya, baba," akapanda. Mbele ya macho yake Bwanausi akakitupa kionjo kizima ndani ya bati la biskuti na kurudi kwenye kivuli chake, moyo wake umeridhika.

Kabla ya Kerege kuna kijito ambacho maji ya bahari hukiingilia yakijaa, na juu yake palikuwa na daraja la magogo. Lori liliingia darajani, gurudumu la mbele la kushoto likang'oka, gari likapinduka likaanguka ubavu ndani ya maji. Wengi walitoka wameumia tu. Watatu hawakutoka. Mmoja ni Rajabu, mpiga dufu. Wa pili ni Mwanabaraka, mama aliyeuza vitumbua pale sokoni, na ambaye kila asubuhi alimwekea Bwanausi viwili vya kwanza vikiwa moto bado. Wa tatu ni Dija, mjukuu wa Mwanabaraka, mtoto wa miaka tisa. Waliwazika Ijumaa, na Bwanausi alibeba jeneza la Dija, jepesi kiasi ambacho hakukitegemea, akawa anaogopa kulitazama.

Mrisho alikuwa keshakamatwa. Polisi walisema alikuwa anakimbiza gari, na gurudumu liling'oka kwa kugonga ukingo wa daraja. Gurudumu lenyewe lilikwenda na maji. Kilichobaki kwenye ekseli ni kisiki cha pini, na lori lililala katika maji ya chumvi wiki nzima kabla ya kuvutwa, kikaota kutu hata sura ya mkato haijulikani tena.

Siku ya pili baada ya maziko Inspekta mmoja alifika karakanani, na Mikidadi yuko nyuma yake. Inspekta akauliza kama pini ni kazi ya Bwanausi. Bwanausi akasema ni yake. Akauliza kama ilipimwa. Bwanausi alifumbua mdomo, na Mikidadi akatangulia: "Ilipimwa, bwana. Kionjo kilivunjwa mbele yangu, mapigo sita, nimehesabu mwenyewe."

Mikidadi alikuwa akijiokoa. Angesema kweli, angeulizwa kwa nini alipakia watu katika gari lisilopimwa, na biashara yake ingekwisha pale pale. Hilo laeleweka. La Bwanausi ndilo lisiloeleweka. Inspekta alimgeukia, kalamu juu ya karatasi, akauliza, "Ndivyo, mzee?" Naye akatikisa kichwa kukubali. Karatasi ikaandikwa.

Kuanzia siku ile bati la biskuti lilimkalia Bwanausi rohoni. Ndani yake, katikati ya vipande vilivyokatika, kilikuwepo kimoja kizima chenye muhuri wa Mikidadi. Kizima. Mtu yeyote akikishika angejua kuwa Mikidadi amesema uongo, na kuwa fundi naye ameukubali uongo huo. Kukipeleka Bomani kulitosha. Wangekibana mbele ya hakimu, wangekipiga, na chuma kingejisemea. Kama kingehimili, Mrisho ana kosa. Kama kingekatika, kosa ni la Bwanausi, na Mrisho angerudi kwa mkewe.

Sihaba alikuwa na mimba ya miezi saba. Kila adhuhuri alimletea baba yake chakula kama alivyozoea, akiwa ametoka kumpelekea mumewe mahabusu. Aliweka bakuli, akakaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu na mlango.

"Anakusalimia," alikuwa akisema.

"Marahaba. Hajambo?"

"Hajambo. Anasema tu kwamba hakukimbiza gari."

"Na mengine anasema nini?"

"Mengine hasemi, baba."

Kisha alimtazama, muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika, na Bwanausi alikuwa akiinama juu ya bakuli na kujifanya ana njaa. Alijua kwa nini Mrisho hasemi. Kijana mwenye adabu hasimami mbele ya serikali akamtaja mkwewe. Angeweza kujiokoa kwa sentensi moja, naye amekalia sentensi hiyo kama mtu aliyekalia moto. Na Bwanausi, aibu yake niiseme wazi, alianza kumtegemea anyamaze.

Wiki mbili zikapita hivi. Hakulala vizuri, alikonda, kazi aliwarudishia watu akisema mkaa umekwisha. Watu walisema ni huzuni ya Mwanabaraka. Na mawazo yake yakaanza kumdanganya taratibu. Pengine, alijiambia, nondo ilikuwa ya kijani kweli. Pengine patasi ya kerezo ndiyo iliyokuwa butu. Pengine kijana alikimbiza gari kweli, vijana ndio walivyo. Kama ni hivyo, ya nini nijipeleke Bomani na kujivunjia heshima bure? Nikivunje kwanza mwenyewe, nijue. Kikiwa chema, sina la kusema. Kikiwa kibaya, nitakwenda kusema yote.

Alijiona ana busara. Ukimsikiliza haraka haraka nawe ungeona ana busara. Lakini ni mtu aliyewahubiria watu miaka kumi kuwa fundi havunji kionjo peke yake.

Alingoja Ijumaa. Saa ya sala mji wote wa Bagamoyo unaingia msikitini, soko linafungwa, njia zinabaki na mbuzi tu, na nyundo ikilia hakuna wa kuuliza. Adhana ilipokwisha alifunga mlango wa karakana kwa ndani. Katika maisha yake yote alikuwa hajaacha sala ya Ijumaa ila kwa ugonjwa. Akalimwaga bati juu ya benchi, akakitafuta kile kizima, akakipata. Muhuri wa Mikidadi ulikuwa wazi ubavuni. Akakibana katika jiliwa.

Alipiga mara moja, na wala hakupiga kwa nguvu, alipiga kama mtu anayebisha hodi. Kikakatika. Nusu ya juu iliruka ikagonga ukuta wa chokaa na kuanguka miguuni pake.

Akaiokota. Hakukuwa na ukingo wala nyuzinyuzi. Ilimeta yote, kutoka ngozi mpaka kiini, punje kwa punje, kama sukari. Ilikuwa nondo ya ncha nyekundu. Alikaa chini kwenye sakafu, vipande viwili viganjani, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu alipofiwa na mkewe. Alimlilia Dija, akamlilia Mwanabaraka na vitumbua vyake, akajililia mwenyewe pia. Sala ilipokwisha na watu walipoanza kupita njiani, alijipangusa uso na akakata shauri: Jumatatu, siku ya kesi, atasimama na kusema.

Na alisimama, hilo tumpe. Jumatatu chumba cha mahakama kilijaa mpaka madirishani. Mrisho alikaa kizimbani, mashati mawili amevaa kwa pamoja maana mahabusu usiku kuna mbu, macho chini. Mikidadi aliapa, akasema ya mapigo sita. Alipokwisha, Bwanausi alinyanyuka kutoka nyuma, hakuitwa, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Bwana Hakimu, huyu anasema uongo, na mimi nilisema uongo pamoja naye."

Zogo likazuka. Hakimu, Mzungu mtu mzima aliyekuja kutoka Dar es Salaam, aliwanyamazisha watu na kuagiza mzee aapishwe. Bwanausi alieleza kila kitu: chokaa, rangi, haraka, kijana aliyeomba mara mbili. Mkalimani alitafsiri na hakimu akaandika. Mwishoni Bwanausi alifungua kitambaa na kuweka vipande viwili juu ya meza. "Chuma hiki kimeokwa pamoja na pini ile," akasema. "Kimekatika pigo moja. Muhuri ni wa Tajiri Mikidadi. Kijana hana kosa."

Mikidadi aliulizwa. Alisogea, akaviangalia vile vipande, na usoni pake Bwanausi aliona mtu aliyekuwa amekata roho akirudiwa na pumzi. "Muhuri ni wangu, bwana," Mikidadi akasema. "Na hicho ndicho kionjo. Si nimesema kilivunjwa? Hicho hapo, kimevunjwa."

Bwanausi akavitazama vile vipande viwili mezani. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya siku ya Ijumaa.

"Kilikuwa kizima," akasema. "Kilikuwa kizima mpaka juzijuzi."

Inspekta akainuka. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Mzee, mshtakiwa ni nani wako?"

"Mkwe wangu. Mume wa binti yangu."

"Chuma kama hiki, kilichokuwa kizuri, mtu akikitia moto upya na kukizima katika maji ya baridi, kinaweza kumeta hivi?"

Bwanausi alijua jibu, na alikuwa ameapa kwa msahafu. "Kinaweza," akasema.

"Wewe unajua kufanya hivyo?"

"Najua."

Hakimu aliweka kalamu chini, akamwuliza mwenyewe kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mzee, ulikivunja wapi?"

"Karakanani kwangu."

"Siku gani?"

"Ijumaa, saa ya sala."

Manung'uniko yalipita chumbani. Wazee waliokuwa wamekaa mbele waligeuza nyuso zao.

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Nilifunga mlango."

"Kwa nini hukukileta hapa kizima?"

Mkalimani alianza kutafsiri, lakini Bwanausi alikuwa amesikia. Alitafuta neno zuri, halikuwepo. "Niliogopa," akasema.

Hakimu alisema anamhurumia mzee, na kwamba huenda hata anasema kweli. Lakini mbele yake, alisema, kuna shahidi aliyeapa, kuna karatasi ya Inspekta ambamo fundi huyu huyu alikubali, na kuna chuma kilichovunjika ambacho kila mmoja anakisema anavyotaka. Kingekuwa kizima, kingekuwa jambo jingine. Mrisho akapewa miaka mitatu.

Walipomtoa, walimpitisha karibu na mahali aliposimama Bwanausi. Mrisho alisita. Askari walimwachia kidogo. Aliinamisha kichwa kama siku zote. "Shikamoo, baba," akasema.

Bwanausi alitaka kuitika. Neno lenyewe ni jepesi, alilisema mara mia kwa siku. Kabla hajalitamka, askari wakamsukuma kijana mbele.

Sihaba alikuwa nje, ameegemea ukuta wa Boma, mkono tumboni. Watu walikuwa wakitawanyika bila kumtazama. Bwanausi alimwendea, akasimama mbele yake na kitambaa chake mkononi.

"Mwanangu," akasema, "nilikuwa nataka kujua kwanza. Nilitaka nijue tu, ndipo niseme."

"Mimi nilijua," Sihaba akasema. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Alinieleza yote, kwamba hamkukivunja, kwamba kipo kizima ndani ya bati."

"Na ukanyamaza? Ukaja kila siku, ukakaa pale mlangoni, ukanyamaza?"

"Nilitaka kulichukua lile bati nilipeleke Bomani mwenyewe. Akanikataza. Akaniapisha. Alisema nisikuvunjie heshima. Alisema, mwache, baba atasema mwenyewe."

Alijitanda kanga yake vizuri, akashika njia ya nyumbani polepole kwa ajili ya tumbo lake. Adhuhuri ya kesho yake Bwanausi alikaa karakanani na mlango ameuacha wazi. Hakuna aliyeleta bakuli.